Namba 5, Namba 19, Coco, Coco Mademoiselle au Chance: ulinganisho wa manukato ya Chanel kwa anayetafuta harufu ya kumtambulisha

Anayesimama mbele ya meza ya Chanel katika duka la manukato hukutana na chupa ambazo nyingi zake kwa macho zinafanana mno: kioo cheupe chenye pembe, kizibo kizito, maandishi machache meusi, na ndani yake kimiminika cha rangi ya dhahabu iliyokolea au iliyopauka. Kufanana huko kunapotosha. Harufu zilizomo zilitungwa na watu tofauti katika kipindi kinachokaribia karne nzima, na mbili kati yake zinaweza kutofautiana kuliko manukato ya kampuni mbili zinazoshindana sokoni. Ulinganisho huu unahusu tano ambazo mnunuzi hukwama kati yake mara nyingi zaidi. Nimeacha nje zile zinazouzwa kwa wanaume, kama Bleu de Chanel ya mwaka 2010, pamoja na mkusanyiko wa bei ya juu uitwao Les Exclusifs, kwa kuwa anayechagua kati ya hizo huwa na swali jingine kabisa.

Kabla ya kulinganisha, inafaa kukubaliana juu ya jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Manukato ya kumtambulisha mtu si lazima yawe yale ambayo pua yake iliyapenda kuliko yote. Pua huzoea upesi, na baada ya muda mvaaji hawezi tena kuisikia harufu aliyojipulizia, ilhali mwenzake wa ofisini, abiria wa kiti cha jirani na watu wa nyumbani kwake wanaendelea kuisikia hadi jioni. Wanachokisikia wao ni harufu ya saa ya pili na ya tatu, wala si ile ya dakika ya kwanza iliyomshawishi kutoa pesa dukani. Kwa hiyo katika maelezo yote yanayofuata nimetilia mkazo kile kinachobaki kuliko kile kinachotangulia.

Vigezo vya kulinganishia

Cha kwanza ni harufu yenyewe katika hatua zake tatu, yaani ile ya mwanzo inayoruka baada ya dakika chache, ile ya kati ambayo kwa kawaida ni ya maua, na ile ya mwisho ya miti, utomvu, vanila au miski inayoganda kwenye ngozi na nguo. Cha pili ni nguvu: harufu inafika umbali gani, inadumu kiasi gani, na inafanyaje joto linapopanda, kwa sababu joto huharakisha kuvukizwa kwa manukato na kuyafanya yasikike kwa ukali zaidi kwa muda mfupi zaidi. Cha tatu ni mahali pa kuvalia. Cha nne ni aina ya chupa, na cha mwisho ni mtu anayefaa kuivaa.

Kigezo cha nne kinahitaji ufafanuzi. Maneno ya Kifaransa yaliyoandikwa kwenye kasha huonyesha wingi wa mafuta ya manukato ndani ya spiriti: kwa makadirio ya jumla, eau de toilette huwa na asilimia 5 hadi 15, eau de parfum asilimia 15 hadi 20, na parfum asilimia 20 hadi 30, na bei kwa kila mililita hupanda kwa mpangilio huohuo. Wengi hudhani kwamba ni harufu ileile iliyoongezwa au kupunguzwa maji. Kwa Chanel sivyo, kwani mtunzi hubadilisha uwiano wa viambato kutoka aina moja hadi nyingine, na mtu anaweza kuipenda eau de toilette ya jina fulani huku akiichukia eau de parfum ya jina hilohilo. Kutaja jina pekee hakutoshi.

Namba 5

Mwaka 1921 Ernest Beaux, mtunzi wa manukato aliyezaliwa Moscow, alimpelekea Gabrielle Chanel, mwanzilishi wa kampuni, sampuli zilizopangwa katika makundi mawili, 1 hadi 5 na 20 hadi 24, naye akaichagua ya tano. Kilichoitofautisha ni wingi wa aldehaidi, kemikali zinazoupa mwanzo wake mng'aro wa sabuni safi na nta ya mshumaa uliozimwa punde. Chini ya mng'aro huo mna asumini, waridi na langilangi. Msomaji wa pwani anayajua maua haya vizuri: Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mafuta ya langilangi duniani, na ua hilohilo huchanganywa na asumini na rehani katika kikuba. Hata hivyo asitarajie kukutana na kikuba ndani ya chupa hii. Aldehaidi zimeyafunga maua hayo kiasi kwamba hakuna anayeweza kunyooshea kidole ua moja, na hilo lilikusudiwa, kwani Chanel hakutaka mwanamke anukie kama waridi au kama asumini. Mwishoni hubaki sandali, vanila na hali ya podapoda inayodumu sana kwenye kitambaa.

Kwa nguvu, eau de parfum husikika kutoka upande wa pili wa meza na kudumu siku nzima ya kazi. Katika joto la mchana aldehaidi zake hupanda kwa kasi, na mtu aliyejipulizia mara nne kabla ya kuingia kwenye gari lisilo na kiyoyozi atawachosha wenzake. Mahali pake pa asili ni penye hewa tulivu: ofisi yenye kiyoyozi, ibada, hafla ya jioni, kikao cha watu wazima.

Aina zake ni nyingi na zinatofautiana kwelikweli. Parfum ya asili ndiyo yenye asumini na waridi za mashamba ya Pégomas, karibu na mji wa Grasse kusini mwa Ufaransa, ambako kampuni imekuwa na mkataba na familia moja ya wakulima tangu mwaka 1987. Bei yake inaanzia hapo. Eau de parfum ilitungwa na Jacques Polge mwaka 1986 na ina utamu na uzito wa miaka hiyo, wakati eau de toilette ni kavu zaidi na yenye miti zaidi. Mwanawe, Olivier Polge, alitoa L'Eau mwaka 2016, ambayo mwanzo wake ni wa jamii ya machungwa na ndimu na ambayo kwa maoni yangu ndiyo mlango rahisi kwa aliyeshindwa na nyingine.

Malalamiko yanayosikika kila mara ni kwamba Namba 5 inanukia kibibi. Yana ukweli wake, kwa kuwa kwa miongo mingi watengenezaji wa sabuni na poda waliiga mtindo wa aldehaidi, na pua zetu zilikutana na nakala kabla ya kukutana na asili. Inamfaa mtu ambaye hasumbuliwi na hukumu hiyo, au anayeifurahia: anayependa mavazi yaliyonyooshwa, asiyetafuta utamu wa matunda, na ambaye yuko tayari kuivaa wiki kadhaa kabla ya kuikatia shauri.

Namba 19

Hii ilitungwa na Henri Robert na kutolewa karibu kabisa na mwisho wa maisha ya Chanel mwenyewe, aliyefariki Januari 1971. Jina la manukato linatokana na tarehe aliyozaliwa Chanel, 19 Agosti 1883. Mwanzo wake ni mkali na wa kijani, kama bua bichi lililovunjwa mkononi, kwa sababu ya galbano, utomvu ambao wasomaji wa Maandiko wanaufahamu kwa jina la kelbena, ukitajwa pamoja na ubani. Ukali huo ukipungua hujitokeza mzizi wa airisi, kiambato ambacho hukaa ardhini miaka kadhaa na kukaushwa miaka mingine kabla ya kukamuliwa, na ambacho hutoa harufu ya baridi, ya poda isiyo na sukari hata chembe. Mwisho wake ni vetiva, mzizi wa nyasi wenye harufu kavu ya miti, pamoja na harufu ya ngozi ya kutengenezea viatu.

Kati ya zote tano, naiona hii kuwa ndiyo inayostahimili joto kwa heshima zaidi. Haina utamu wa kuganda kooni, na unyevu wa Mombasa au Dar es Salaam unaozifanya harufu nyingine zivimbe huiacha hii ikiwa kavu. Haifiki mbali, anayeisikia ni yule aliye karibu. Inafaa kazini, hasa kwa kazi inayomtaka mtu asikilizwe kabla ya kutazamwa, na haitofautishi sana kati ya asubuhi na jioni. Eau de toilette ndiyo ya kijani zaidi, eau de parfum ina ulaini wa waridi, na toleo la Poudré la mwaka 2011 limepunguza ukali kwa wanaoogopa galbano. Ubaya wake wa kivitendo ni kwamba maduka mengi huiweka rafu ya nyuma au hayaiagizi kabisa.

Wapo wanaoiona kuwa ni harufu yenye kiburi, na siwezi kuwapinga. Inamfaa mtu anayependa umbali kidogo kati yake na wengine, na ingawa inauzwa kwa wanawake, mwanamume anayependa vetiva anaweza kuivaa bila mtu yeyote kushangaa.

Coco

Jacques Polge alichukua nafasi ya mtunzi wa Chanel mwaka 1978, na Coco ya mwaka 1984 ilikuwa jaribio lake la kuweka ndani ya chupa makazi ya Chanel ya barabara ya Cambon, nambari 31, Paris, yaliyojaa pazia za mbao za Kichina zenye nakshi na rangi ya dhahabu. Harufu yake ina wingi uleule: chungwa na giligilani mwanzoni, kisha karafuu, waridi na asumini, halafu sandali, pachuli (jani lenye harufu ya udongo), vanila na opoponaksi, utomvu wa jamii ya manemane unaotoka Somalia na Ethiopia. Huu ni mchanganyiko ambao pua ya Mswahili inaweza kuusoma bila mkalimani. Mazoea hayo yenyewe ndiyo yanayoweza kuleta shida, kwani aliyekulia kwenye nyumba ya pilau anaweza kuisikia karafuu hiyo kama jikoni, na akishaisikia hivyo mara moja ni vigumu kurudi nyuma.

Nguvu yake ni kubwa. Hudumu kwenye ushungi au shali hadi kesho yake, na saa saba mchana kwenye daladala iliyojaa ni mzigo kwa aliyeivaa na kwa wasioivaa. Mahali pake ni usiku, harusi, na miji ya baridi: Nairobi ya Julai, Njombe, Lushoto, au majira ya baridi ya Ulaya kwa ndugu walioko huko. Ina sifa moja ambayo nyingine nne hazina, nayo ni kuelewana na udi. Nguo iliyofukizwa kwenye chetezo kisha ikapuliziwa Coco kidogo hutoa harufu moja iliyoungana, ilhali Namba 19 juu ya udi hugombana nao, na Chance hupotea kabisa. Eau de parfum ndiyo inayoonyesha sura yake kamili. Eau de toilette ni nyepesi kiasi cha kuvalika ofisini siku za mvua.

Inamfaa mpenda viungo na udi, mtu wa joto na vicheko, anayevaa kwa hafla kuliko kwa kazi.

Coco Mademoiselle

Jina humfanya mtu adhani kwamba hii ni Coco iliyopunguzwa makali, na dhana hiyo imewafanya wengi wanunue kisichowafaa. Jacques Polge aliitunga mwaka 2001 kwa mpango tofauti: chungwa na bergamoti, tunda la jamii ya machungwa, zinazong'aa, kisha waridi na asumini, kisha pachuli iliyoondolewa harufu yake ya udongo na unyevu ikabaki safi na kavu, ikisindikizwa na vetiva na miski nyeupe. Karafuu ya Coco haimo. Saa ya tatu yake ni ya pachuli tamu, na anayeichukia pachuli asidanganywe na chungwa la mwanzo.

Husafiri mbali, hudumu, na hustahimili joto la wastani kwa sharti la kupulizwa mara moja au mbili tu. Ni nadra kupata mahali isipofaa, kuanzia chuoni hadi kwenye usaili wa kazi, na ndiyo maana imeenea. Kuenea huko ndiko hoja pekee nzito dhidi yake kwa mtu anayetafuta utambulisho: mtindo wake umeigwa na kampuni nyingi, na katika ukumbi wa watu mia mbili si ajabu mwenye Coco Mademoiselle akajikuta ana dada wasiojuana. Eau de toilette ni nyepesi na ya chungwa zaidi, Intense ya mwaka 2018 ina pachuli na vanila nyingi zaidi na inafaa usiku, na L'Eau Privée ya mwaka 2020 ni ya kimya, ya kuvaliwa nyumbani.

Inamfaa anayetaka chupa moja isiyomsumbua kwa maamuzi, na ambaye haoni tabu kuvaa kinachovaliwa na wengine.

Chance

Chupa ya duara ndiyo inayoitenga na wenzake. Polge aliitunga mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tangu hapo jina limekuwa la ukoo mzima, kwa hiyo anayesema kwamba anavaa Chance hajasema lolote mpaka ataje ni ipi. Ile ya asili ina pilipili ya rangi ya waridi, asumini, pachuli na miski. Eau Fraîche ya mwaka 2007 ina ndimu na mbao. Eau Tendre ya mwaka 2010 ina balungi, asumini na miski laini, nayo ndiyo inayopendwa zaidi na vijana ninaowafahamu. Hizi mbili za mwisho hupendeza sana katika joto lakini hazikai. Anayeoga na kujipulizia saa kumi na mbili asubuhi asitegemee kuisikia Eau Tendre saa sita, isipokuwa kwenye nguo. Jambo jingine la kuangaliwa ni kwamba watu wengine hawasikii aina fulani za miski, na kwao Chance inaweza kuonekana imekwisha kabisa ilhali jirani bado anaisikia.

Inafaa mchana, masomoni, safarini, na kwa anayeanza.

Kuhusu kujaribu na kununua

Dukani zisijaribiwe zaidi ya mbili kwa siku, moja kila mkono, baada ya kwanza kuzisikia kwenye kijikaratasi. Kusugua viganja hakusaidii chochote. Uamuzi usitolewe kabla ya kupita muda wa saa tatu, na ni vizuri kumuuliza mtu wa karibu anasikia nini badala ya kumuuliza kama ni nzuri, maana swali la pili hujibiwa kwa adabu. Shati au kanga iliyovaliwa siku hiyo inuswe tena kesho yake asubuhi. Nguo nyeupe na hariri zisipuliziwe moja kwa moja, kwa kuwa manukato yenye rangi huacha doa. Chupa ihifadhiwe kabatini ndani ya kasha lake. Dirishani au bafuni huharibika haraka, na kwenye miji ya joto haraka zaidi.

Chanel ni miongoni mwa majina yanayoghushiwa sana. Namba ya toleo iliyo chini ya chupa na ile ya kwenye kasha zinapaswa kulingana, na bei iliyo nusu ya ile ya maduka ya viwanja vya ndege ni jibu tosha. Tena, zote tano zina spiriti. Anayeiepuka kwa sababu za dini hana la kuchagua hapa, na mafuta ya udi au ya miski yatamfaa zaidi.

Mwongozo kwa hali mbalimbali

Anayefanya kazi ofisini katika mji wa joto na unyevu aanze na Namba 19 eau de toilette, na kama galbano inamshinda ahamie kwenye L'Eau ya Namba 5. Anayekaa nyanda za juu zenye baridi, au ughaibuni penye majira ya baridi, ana uhuru wa kuvaa Coco hata mchana. Mwanafunzi au anayenunua kwa mara ya kwanza atapata thamani nzuri katika Chance Eau Tendre, mradi akubali kubeba kichupa kidogo cha kujipulizia tena mchana. Mwenye bajeti ya chupa moja kwa mwaka mzima, ambaye siku zake zina kazi, ibada na sherehe, atahudumiwa vyema na Coco Mademoiselle eau de toilette. Bibi harusi anayetaka harufu itakayobaki kwenye nguo alizozihifadhi afikirie parfum ya Namba 5 au Coco, ila ajaribu wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, tena pamoja na udi utakaotumika.

Anayemnunulia mtu mwingine yuko katika hali ngumu kuliko wote. Kama hajui mpokeaji anavaa nini, Namba 5 parfum na Namba 19 ni za kuepukwa. Aina nyepesi za Chance haziudhi karibu mtu yeyote, na kichupa kidogo kina busara kuliko kikubwa. Na ikiwa mpokeaji tayari ana harufu yake ambayo watu humjua nayo, basi amnunulie hiyohiyo, akihakikisha kwanza kwenye chupa yake iliyobaki kama ni eau de toilette au eau de parfum.